Mtu wa Kupimia

Kila asubuhi, kabla mama yake hajaoga, ilikuwa sharti Kobe aitoe milima bafuni.

Mikanda ya filamu aliyoisafisha jana yake ilikuwa inaning'inia kwenye kamba juu ya ndoo, kila mmoja umebanwa kibanio cha nguo juu na kingine chini ili usijikunje. Ndani ya vidirisha vyake vidogo volkano zilisimama zikiwa zimebadilishana rangi na dunia: moshi mweusi kama lami, mawe meupe kama chumvi. Kobe aliushusha mkanda mmoja mmoja kwa ncha za vidole, akaukata vipande, akavitia kwenye karatasi zake nyororo. Nje ya mlango mama yake, taulo begani na mswaki mdomoni, alikuwa akifanya kazi yake ya kila asubuhi, yaani kulalamika.

"Kobe! Ewe Kobe! Toka na milima yako, wenzio tunanuka."

"Nakuja, mama. Umebaki mkanda mmoja."

"Jana ulibaki mmoja, juzi ulibaki mmoja. Hiyo mikanda inazaana humo?"

Jina hilo alimpa mama mwenyewe, tangu zamani, kwa sababu mgeni akibisha hodi tu mtoto alikuwa akiingiza kichwa ndani ya kola ya gauni na kubaki macho. Miaka ya chuo, alikosomea upigaji picha, haikumtoa kwenye gamba. Ilimpa tu kamera ya kujifichia. Alikuwa amegundua kwamba mtu aliye nyuma ya kamera haulizwi maswali mengi, na mlima hauulizi hata moja.

Simu ikalia sebuleni.

"Iache, mama! Nitapiga mwenyewe nikitoka."

Lakini kwa mama, kuiacha simu ilie ilikuwa sawa na kumwacha mgeni mlangoni kwenye mvua.

"Halo? Ndiyo, ni yake, ila mwenyewe yuko bafuni na milima. Milima, ndiyo. Ati? Zimetundikwa? Ukutani? Zote?" Akahamishia mswaki shavu la pili. "Jumamosi! Na watu wa nyumbani tunaruhusiwa? Ubarikiwe, karani. Ubarikiwe sana."

Kikafuata kigelegele kilichochanganyika na povu la dawa ya meno.

"Kobe! Karani wa Taasisi anasema picha zako ziko ukumbini, na kubwa kuliko zote ni ile ya kreta! Ile niliyosimama mimi! Mtoto we, mama yako ametundikwa ukutani kama rais!"

Mkanda ulimponyoka Kobe ukaanguka kwenye sakafu yenye maji. Aliuokota, akauosha upya kwenye beseni. Mama aliugonga mlango kwa furaha, lakini Kobe hakufungua. Alikuwa anajua kilichoandikwa chini ya picha ile. Yalikuwa maneno yake mwenyewe.

Kazi ya Kobe ilikuwa hii: Taasisi ya Miamba ilimtuma huku na huko kupiga picha za volkano, za nchi zilizolala na za nchi zilizopasuka. Mkuu wake wa kazi alikuwa mtaalamu wa miamba mwenye mvi, ambaye wote walimwita Nyundo, kwa kuwa nyundo yake ndogo haikumtoka kiunoni hata siku za mikutano. Nyundo alitaka filamu, nyeusi na nyeupe, tena zile kubwa. Alisema tabaka jembamba la majivu linaonekana ndani yake kama uzi ndani ya kitambaa, na kwamba mpiga picha mwenye filamu chache hufikiri kabla ya kubonyeza.

Na katika kazi hiyo kuna sheria moja: picha ya jiwe isiyo na kipimo ni picha ya uongo. Kokoto ikipigwa kwa karibu huwa jabali, na jabali likipigwa kwa mbali huwa kokoto. Kwa hiyo pembeni ya jiwe huwekwa kitu ambacho kila mtu anajua ukubwa wake, sarafu, au kalamu, au nyundo. Lakini kwenye ukingo wa kreta nyundo haionekani. Hapo panahitajika mtu. Mtu huyo asimame wima na awape watazamaji kisogo, maana uso ukionekana, jicho hukimbilia usoni na kuusahau mlima.

Mtu huyo alikuwa mama.

"Kushoto kidogo, mama. Hapohapo. Usigeuke. Usitikisike."

Mwanga wa ndani ya kreta ni hafifu, na ilibidi jicho la kamera liachwe wazi kwa muda. Mama alibana pumzi mpaka asikie kamera inafunga. Alisimama mbele ya nguzo za mawe zilizopangana kama penseli kwenye kasha. Alisimama kwenye mdomo wa pango ambamo zamani lava ilipita kama maji ndani ya bomba, na juu ya majivu laini yaliyomeza viatu vyake. Kilichoonekana kwa mbali ni kilemba chake cheupe. Stendi ya kamera aliibeba begani kama jembe, akapanda huku akihema na kuutukana mlima.

"Huu nao umekula mayai viza? Mbona unajamba namna hii mbele ya wageni?"

Na Kobe, asiyecheka mbele za watu, alicheka hadi akalazimika kukaa chini.

Watu walidhani mama ndiye king'ang'anizi. Shangazi yake Kobe, dada wa marehemu baba, hakuchoka kusema, "Wifi, unamfuata mtoto mkubwa kama kupe na ng'ombe. Mwache apumue!" Mama alijibu kila mara, "Nifanyeje, wifi? Nyumba bila yeye naiona pana." Ukweli waliujua wawili tu. Safari ya kwanza kabisa Kobe aliagwa vizuri, akafika kituo cha basi, akaketi kwenye benchi na begi mapajani, akalitazama basi lake likijaa watu, akalitazama likiondoka. Kisha alitembea hadi kwenye duka la ushonaji ambako mama yake alikuwa fundi cherehani, akasimama mlangoni.

"Nisindikize," alisema. "Mara hii tu."

Mama hakuuliza kitu. Alimalizia pindo lililokuwa chini ya sindano, akakata uzi kwa meno, akasimama. Na hakuwahi kumwambia mtu.

Sasa, siku moja ofisini, kabla picha hazijatundikwa, Nyundo aliiweka picha ya kreta juu ya meza ya dirishani, akaiinamia na kioo chake cha kukuzia. Meza ya jirani walikaa wapimaji wawili vijana, wanamcheka mwenzao wa tatu ambaye mama yake alimpigia simu kambini kuuliza kama amekula.

"Muulize kama kabeulishwa," alisema mmoja.

"Na nepi je? Kabadilishwa?"

"Huyu nani?" Nyundo aliuliza, kidole kwenye kile kidoa cheupe cha ukingoni.

Neno lilikuwepo. Hakuna mtoto asiyelijua, ndilo la kwanza. Kobe alilisikia linakuja, akasikia na vile vicheko, akaingiza kichwa gambani.

"Ni mtu tu," alisema. "Wa kupimia."

"Mwenyeji wa huko?"

"Ndiyo. Alikuwa anapita."

"Urefu wake ulichukua?"

Alikuwa ameuchukua. Jioni moja alimuuliza mama, na mama akavua tepu shingoni, akajibandika ukutani, akajipima mwenyewe toka utosini hadi kisiginoni: mita moja na sentimita hamsini na nane. Kesho yake aliwanong'oneza mafundi wenzake dukani kwamba huyu mtoto ana jambo, anataka kuninunulia koti la safari, nyie subirini. Kobe alikuwa amempelekea chakula, akayasikia, na hakumsahihisha. Koti halikuja. Mama hakuliulizia.

Tangu simu ile ya karani, mama hakushikika. Alimwalika shangazi. Aliwaalika mafundi wenzake wawili. Alimwalika hata muuza maji, ambaye kwa bahati alikuwa na safari. Cherehani yake, iliyozoea kushonea watu wengine, ikaingia kazini kwa ajili yake mwenyewe, na gauni la buluu likaanza kuota mikono. Kobe alikula kidogo, akalala kwa mang'amung'amu. Ijumaa alijikaza kisabuni akaenda Taasisi, akiwa ameyabeba maneno yake njia nzima kama mtu aliyebeba trei la mayai: Bwana, kuna kosa kwenye maelezo. Yule si mpita njia.

Ukumbi ulinuka rangi mbichi. Nyundo alikuwa juu ya ngazi, misumari mdomoni.

"Shikamoo."

"Marahaba, msanii wetu! Njoo, njoo umwone mtoto wako."

Picha ilikuwa kubwa kuliko mlango. Chini yake palikuwa na kibao cha plastiki kilichochongwa herufi na kugongomelewa ukutani: *Ukingo wa kreta. Mtu anayeonekana (m 1.58) ni kipimo.*

"Unaionaje?" Nyundo aliuliza, akishuka.

Kobe alifungua kinywa. Trei lote likaanguka.

"Imelala kidogo," alisema. "Upande wa kushoto."

Nyundo alirudi nyuma, akafumba jicho moja, akaisogeza picha kwa kidole. Kisha akamshukuru kwa moyo mweupe kabisa. "Ndiyo maana napenda kufanya kazi na wewe. Hupitwi na kitu."

Jumamosi mama alivaa gauni la buluu na kilemba kilekile cheupe, "ili watu wapate kunifananisha." Alifuatana na shangazi na mkoba wake mkubwa; na fundi wa vifungo, mwanamke mwembamba mwenye ulimi kama sindano yake; na fundi wa sare, mnene, mpole, ambaye aliomba ruhusa ya kuvua viatu alipoona zulia. Kobe aliwafuata kwa nyuma, akiomba kimoyomoyo umeme ukatike.

Picha za mwanzo zilikuwa ndogo. "Huyu mimi," mama alisema mbele ya nguzo za mawe. "Na huyu mimi. Hapa kiu ilinibana nusura ninywe dawa za kusafishia picha."

"Mbona kote umetupa kisogo?" aliuliza fundi wa vifungo. "Aliyepigwa picha ni wewe au mgongo wako?"

"Ndiyo mtindo. Watu wa picha za maana hawaangalii kamera. Wanaoangalia kamera ni wa vitambulisho."

"Basi mimi nitakufa sina picha ya maana," alisema fundi wa sare, na wote wakacheka.

Wakafika kwenye picha kubwa. Hapo shangazi akaushusha mkoba wake sakafuni. Ukuta wa kreta ulishuka tabaka juu ya tabaka, la majivu, la mawe, la majivu tena, mpaka chini kabisa ambako mvuke ulijikusanya kama maziwa yanayotaka kuchemka. Na juu ukingoni, mdogo kuliko ukucha, mtu mwenye kilemba cheupe.

"Wifi," shangazi alisema polepole, "ulisimama hapo?"

"Nilisimama."

"Na hukuanguka?"

"Ningeanguka ungerithi cherehani."

Fundi wa sare aliinama kwenye kibao, maana mama bila miwani herufi ndogo huziona kama sisimizi. Alisoma kwa sauti na kwa heshima, kama mtu anayesoma tangazo la harusi. "Ukingo wa kreta. Mtu anayeonekana, mita moja nukta tano nane, ni kipimo."

"Kipimo?" mama alisema.

"Kipimo cha nini?" fundi wa vifungo aliuliza.

"Cha mlima, si unaona?" shangazi alidakia. "Wamemweka ili mlima upimwe. Ee wifi! Unatuita kuja kuona picha yako, kumbe wewe ni rula!"

"Tepu," fundi wa vifungo alimsahihisha. "Fundi gani anatumia rula?"

Walicheka mpaka machozi yakawalenga, na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mama. Kobe alikijua kicheko kile. Ndicho alichocheka siku bibi harusi mmoja alipomrudishia gauni alilolihangaikia mwezi mzima, mbele ya watu, akisema linamfanya aonekane gunia.

Karani aliwaita wageni kwenye juisi na karanga. Shangazi na mafundi wakaelekea huko, wakirushiana lile neno kama mpira. Mama alibaki. Alisogea karibu na picha, akakitazama kile kidoa cha ukingoni kwa muda mrefu. Kobe akaenda akasimama ubavuni pake. Sasa, alijiambia. Sasa hivi, kabla hajasema neno.

Ndipo Nyundo akatokea.

"Naona mmesimama kwenye picha yetu bora," alisema, akimpa mama mkono. "Habari za leo, mama? Unajua bila yule mtu pale juu picha hii isingekuwa na maana? Ungedhani ni shimo la kuchimba mchanga."

"Nzuri, bwana. Ni nani huyo?" mama aliuliza. Hakumtazama Kobe.

"Mpita njia tu. Mpiga picha wetu alimkuta hukohuko mlimani. Sivyo?"

Joto lilimpanda Kobe kutoka shingoni hadi masikioni. Alikuwa ameshasimama mahali ambapo ardhi imepasuka kwelikweli, na hata siku moja hakutamani imfunike; leo, juu ya zulia, alitamani. Alimwangalia mama yake. Mama naye akamwangalia, mara moja tu, upesi, kama fundi anavyomwangalia mteja anayeingia akamjua kiuno na mabega kabla ya kushika tepu.

"Amesimama vizuri," mama alimwambia Nyundo. "Hakutikisika."

"Hakutikisika kabisa! Na wewe mama, ni mwenzetu wa kazi hizi, au jamaa wa nani?"

"Mimi fundi cherehani," mama alisema. "Nimekuja kuona mawe."

Na Kobe akanyamaza.

Nyumbani hakukuwa na ugomvi. Afadhali ungekuwepo. Mama alivua gauni la buluu, akalitundika, akauliza kama chumvi ipo. Siku zilizofuata alingoja zamu yake ya kuoga ameketi sebuleni, mikono mapajani, kama mgonjwa anayengoja daktari. Kobe alipotoka na filamu zake alimwambia, "Ahsante, mwanangu." Neno hilo lilimkaa Kobe kifuani kama mfupa wa samaki.

Safari nyingine ilikuwa inakaribia, kwenye kilima kichanga cha majivu ambacho Nyundo alitaka kipigwe kabla mvua hazijakichana. Jioni moja Kobe alisema, macho kwenye sahani, "Basi letu linaondoka Jumatatu."

"Basi lako," mama alisema kwa upole. "Mimi nina sare za shule hadi kooni. Na wapita njia hawakosekani."

Ingekuwa kejeli, Kobe angeshukuru. Lakini mama aliyasema hayo kama mtu anayemkumbusha mwenzake asisahau mwavuli.

Kesho yake mama alipokwenda dukani, Kobe alitoa masanduku yote ya filamu, akawasha taa chini ya kioo chake cha kuangalizia, akaanza kumtafuta mama. Alikuwa na mpango, mpango wa mtu mwoga: achague picha moja nzuri ya uso wa mama, aikuze, aitie kwenye fremu, aitundike sebuleni bila kusema neno. Picha ingemsemea. Alianza bila wasiwasi, maana alidhani zipo tele.

Mbele ya nguzo za mawe, kisogo. Pangoni, kisogo. Kwenye majivu, kwenye chemchemi za moto, kwenye uwanda wa lava iliyoganda kama kamba zilizosokotwa, kisogo, kisogo, kisogo. Safari baada ya safari mama alikuwa amesimama kwenye midomo ya dunia, na binti yake, aliyekuwa na kamera mkononi, hakumwambia hata mara moja, Hebu geuka.

Ilikuwepo moja. Ilikuwa na alama nyekundu anayoziwekea picha zilizoharibika. Siku hiyo, jicho la kamera likiwa bado wazi, mama aligeuka, na filamu ikamnasa akiwa njiani: kisogo na uso pamoja, vimevurugana kama rangi iliyopitishwa kidole. Kobe alikumbuka alivyofoka. Yeye, ambaye hafokei hata paka. "Mama! Si nimesema usigeuke? Filamu zenyewe zimebaki chache!" Na kule mbali mama akainua mkono kuomba radhi, akaigeukia tena kreta.

Alifunga dirisha la bafuni kwa blanketi, akawasha taa nyekundu, akaisafisha picha ile kwenye karatasi. Ndani ya trei mlima ulitangulia kutokea, kama kawaida ya milima. Mama alichelewa. Alikuja mwishoni, kidogokidogo, ukungu wenye kilemba. Kobe alilia hapo, mikono ndani ya maji, kwa kuwa bafuni mtu hahitaji kueleza kwa nini uso wake umelowa.

Hakungoja karatasi ikauke sawasawa.

Duka la ushonaji lilikuwa na cherehani tatu zilizoelekea barabarani na meza ya pasi nyuma. Shangazi alikuwa humo, amekuja kupanuliwa sketi. Kobe hakuwa amemtegemea. Kabla hajakanyaga kizingiti alisikia sauti ya fundi wa vifungo.

"Rula, nipitishie mkasi!"

"Chukua mwenyewe, mita yote hii nitaifikishaje huko," mama alijibu, na duka likacheka. Jina lilikuwa limeshanata.

"Shikamooni," alisema Kobe.

"Marahaba!" shangazi aliitikia. "Haya, wifi, mwenye rula amekuja kuichukua."

Kobe alipita katikati yao, akaiweka ile picha juu ya kitambaa kilichokuwa chini ya sindano ya mama. Mguu wa mama ukasimama kwenye kanyagio. Aliishika picha kwa pembe zake, akaiweka mbali na macho, akaileta karibu.

"Hii si ile uliyonifokea?"

"Ndiyo."

"Imeharibika. Uso wenyewe kama uji uliomwagika."

"Hebu tuone," shangazi alisema, akachungulia juu ya bega lake. "Salaala! Huyu wifi au jini?"

Kobe hakumgeukia. "Mama, siku ile ulikuwa unatafuta nini? Mbona uligeuka?"

Mama alitaka kufanya mzaha. Kobe aliuona unakuja, unafika mdomoni, kisha unarudi ulikotoka.

"Nilisikia mawe yanaporomoka," mama alisema. "Nyuma yangu, upande wako. Na umeniambia nisigeuke. Mimi milima siipendi, Kobe, tumbo linaniuma tangu tukiwa chini. Nikasikiliza, sikusikia hata kikohozi chako. Nikasema, labda mwanangu ameshakwenda nayo. Nikageuka nione kama upo." Aliisawazisha pembe iliyojikunja. "Ulikuwepo. Ulikuwa unafoka, nikajua mzima."

Fundi wa sare aliinua pasi kutoka kwenye nguo, akaisimamisha pembeni.

Miguu ya Kobe ilitaka mlango. Masikio yalikuwa yanamchemka, na mbele yake wanawake wanne wote walikuwa wakimwangalia, jambo ambalo maisha yake yote alikuwa amelipangia njia za kulikwepa.

"Mimi ndiye niliyesema ni mtu tu," alisema. Sauti ilitoka kubwa mno, kama ya mtu asiyeizoea. Nje, mpita njia mmoja aligeuza shingo. "Nyundo aliniuliza huyu nani, nikasema wa kupimia. Si wao waliokosea. Vijana walikuwa wanamcheka mwenzao kwa ajili ya mama yake, nikaona haya. Nilikuonea haya, mama. Na juzi ulipojikana mbele yake nilikuacha. Na wewe shangazi, siyo yeye anayenifuata. Mimi nilirudi kutoka kituo cha basi. Niliogopa kwenda. Mimi ndiye ninayemwomba kila safari, na anaogopa kuliko mimi, na bado anakwenda anasimama pale, na mimi kazi yangu kumwambia asigeuke."

Pumzi zilimwishia. Mama hakuwa amemwondolea macho.

"Sasa unataka nini, Kobe?" aliuliza taratibu.

"Nataka Jumatatu twende wote. Nakuomba. Usimame kule ukitaka, na usipotaka kaa karibu yangu, mlima tutaupima na kitu kingine. Na kabla ya hapo twende kwa Nyundo, mimi na wewe. Nataka nimwambie huyu ni mama yangu, na kwamba siendi popote bila yeye."

Mama aliiweka picha pembeni, akamalizia pindo lililokuwa chini ya sindano, akakata uzi kwa meno, akasimama.